JINA LA TATU KUTOKA TAWI LA MALINDI

Sehemu ya Tisa

“Sahihi hii si yangu.”

Kwa maneno hayo tulimwacha Hindu Haroun wiki iliyopita, kidole chake juu ya fomu, mbele ya watu wawili waliokuwa wakiamua kama ana kazi au hana.

Kidole bado kiko pale pale.

Viola Kiprop, meneja wa rasilimali watu aliyetumwa kutoka Nairobi, aliinua macho polepole. Nahashon Kamande, meneja wa tawi, hakuinua yake. Alikuwa akiichezea saa yake ya mkononi.

“Rudia, Bi Hindu,” Viola alisema.

“Fomu hii ya tathmini ya mwaka jana inasema utendaji wangu hauridhishi. Alama mbili kwa tano. Chini yake pana sahihi, yasema nimesoma na nimekubali. Mimi sikusoma. Sikukubali. Na mkono huu haukuandika.”

Kamande akacheka kidogo. “Kila anayeanguka husema hivyo hivyo.”

“Sijaanguka, Bwana Kamande. Nimesukumwa.”

Kwa aliyejiunga nasi leo, mambo ni haya. Miezi minne iliyopita Benki ya Ujima, benki ya serikali aliyoitumikia Hindu miaka kumi na sita, ilinunuliwa na Benki ya Zamaradi, ya watu binafsi. Asubuhi moja wafanyakazi wa Malindi walikuta jina jipya mlangoni na barua mezani: kila mtu aombe upya kazi yake mwenyewe. Hindu ndiye msimamizi wa kaunta. Nusu ya makarani wa tawi lile ni yeye aliyewafunza. Akajaza fomu kuomba kiti alichokuwa amekikalia.

Sasa anaambiwa hakistahili.

“Una ushahidi?” Viola aliuliza.

“Ninao. Ujima, kila tathmini tulikuwa tukitia sahihi nakala tatu. Moja ya faili, moja ya mfanyakazi, moja ya chama cha wafanyakazi. Mwaka jana nilipata alama nne na nusu. Nakala yangu imo kwenye mtoto wa meza yangu, hapo chini.”

Viola alitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa sita na robo mchana.

“Kailete. Saa tisa kamili napeleka Nairobi orodha ya wanaoachishwa kazi. Ikishakwenda, mimi sina uwezo tena.”

Hindu aliteremka ngazi mbili mbili, buibui ameishika kwa mkono mmoja. Ukumbi wa benki ulikuwa umejaa. Watu wawili wakamwita kwa jina, akawapungia bila kusimama. Akafika mezani, akavuta mtoto wa meza.

Mtupu.

Hakuna karatasi. Hakuna kalamu. Hata msahafu wake mdogo haukuwamo.

“Ngowa!”

Karani wa dirisha la pili aligeuka. Ngowa ni kijana wa miaka thelathini na mmoja, mtu wa kijiji cha Kakuyuni. Ameifanyia kazi benki hii miaka saba, lakini si mfanyakazi wa benki. Ni wa mkataba, miezi mitatu mitatu, kupitia wakala.

“Nani aliyefungua meza yangu?”

“Fundi wa rangi, dada. Jana jioni. Meneja alisema meza zote zitolewe vitu.”

“Mbona yako haikutolewa?”

Ngowa akarudi kutazama kompyuta yake. “Sijui, dada. Labda hawajafika kwangu.”

Hindu hakuwa na wakati wa kumhoji. Ya faili ndiyo iliyobadilishwa; ilibaki nakala moja tu duniani, ya chama, nayo ilikuwa mikononi mwa Joram Okoth.

Joram alikuwa afisa wa mikopo, tena mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tangu enzi za Ujima. Saa ya chakula humkosi katika mgahawa ulio nyuma ya soko. Hindu akamkuta mbele ya sahani ya wali wa nazi na samaki wa kupaka.

“Joram, nipe nakala ya chama. Tathmini yangu ya mwaka jana.”

“Bi Hindu! Karibu chakula.”

“Nakala, Joram.”

“Chama kimekwisha, mama. Hawa Zamaradi hawakitambui.”

“Sikukuuliza habari za chama. Nimekuuliza habari za karatasi.”

Joram alitazama kushoto na kulia, akainamisha kichwa. “Sikiliza. Nimeahidiwa tawi la Mtwapa. Naibu meneja. Nimeingoja nafasi hiyo miaka kumi na moja. Ukiwaonyesha ile karatasi, watajua imetoka kwangu. Nani mwingine ana lile faili?”

“Kwa hivyo unalo.”

Kijiko kikasimama njiani.

“Sikusema hivyo.”

“Umesema.” Hindu alivuta kiti, akakaa. “Mkeo alipolazwa, ukachelewa kazini siku tisa mfululizo, meneja wa zamani alitaka kukufukuza. Nani alikwenda kukaa naye mpaka akalegea?”

“Wewe.”

“Niliwahi kukudai shukrani?”

“Hata siku moja.”

“Basi leo nakuomba. Saa tisa jina langu linakwenda.”

Joram alisukuma sahani kando. Akanawa mikono, akalipa, akatoka.

Hindu akabaki peke yake na samaki wa mtu mwingine. Mwenye mgahawa akamuuliza atakula nini, akasema maji. Akayanywa. Saa saba ikapita. Saa saba u nusu ikapita. Akajiuliza amekosea wapi. Swali hilo lilikuwa limemnyima usingizi wiki tatu: ni mteja gani alimjibu vibaya, ni siku gani alifunga kaunta mapema, ni mkutano upi aliozungumza kupita kiasi? Akitafuta kosa halipatikani, na kutolipata kulimchosha kuliko kama angelipata.

Saa nane kasoro dakika tano, Joram akaingia anatweta, shati limeganda mgongoni. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne, akaiweka mezani.

“Chukua. Na wakikuuliza, waambie nimekupa mimi. Nimechoka kujificha kama mwizi wa kuku.”

“Na Mtwapa?”

“Mtwapa ilikuwepo kabla yangu, na itakuwepo bila mimi. Nenda, mama, saa zinakwenda!”

* * *

Viola alizilaza fomu mbili upande kwa upande. Nambari ile ile. Tarehe ile ile. Kwenye moja, nne na nusu. Kwenye nyingine, mbili. Sahihi zilifanana mpaka mkia, isipokuwa mkono wa Hindu uliandika kwa kuteleza, na ule mwingine ulikuwa umebonyeza mpaka karatasi ikapata makovu nyuma.

Mkono wa mtu anayeiga.

“Bwana Kamande,” Viola alisema.

“Pengine ni makosa ya karani.”

“Karani gani anakosea na kutia sahihi?”

Hapo Kamande akabadilika. Akaiacha saa yake, akaegemea mbele, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekwisha kuchoka zamani.

“Mbona unaniangalia mimi? Wewe ndiye uliyeniandikia. Tawi la watu kumi na watano, lazima watatu wawe chini. Si wawili. Watatu! Nikakujibu kwamba Malindi nina wazembe wawili tu. Nikakuandikia tena. Unakumbuka ulinijibu nini?”

Viola akaigeuza kalamu yake mezani.

“Mwambie Bi Hindu ulinijibu nini.”

“Nilikujibu,” Viola alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo, “‘Tafuta wa tatu.’”

Hindu aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Wiki tatu! Wiki tatu akilitafuta kosa lake kitandani, jikoni, kwenye swala. Kumbe kosa halikuwepo. Ilikuwa imepungua tarakimu, naye akatumiwa kuijazia.

“Kwa nini mimi?” aliuliza.

Kamande akajibu kama mtu anayesoma orodha ya vifaa. “Wewe una masharti ya zamani, ya serikali. Ajira ya kudumu, pensheni, miaka kumi na minane kabla ya kustaafu. Zamaradi hawawapendi watu wa aina hiyo. Na nilijua hutapiga kelele.”

“Basi hukunijua.”

“Sasa nakujua.”

Viola aligonga meza kwa kalamu. “Kiwango cha watatu kilitoka makao makuu, na mimi nilikipitisha. Hilo nitalijibu. Lakini kughushi sahihi sikumwagiza mtu. Nani aliandika hii?”

“Sijui,” Kamande akasema.

“Nani anayeingiza fomu kwenye kompyuta?”

Uso wa Hindu ukakunjuka. Kwa mara ya kwanza siku ile aliona mlango. “Ngowa! Mwiteni Ngowa. Yule hawezi kusema uongo. Atawaambia fomu hii aliletewa na nani.”

Kamande alifumba macho kidogo tu, kisha akayafumbua. Viola akanyanyua simu ya mezani.

Ngowa akaingia, shati lake la rangi ya Zamaradi limepigwa pasi vizuri kuliko la mtu yeyote katika jengo lile. Alipoziona fomu mbili mezani, akasimama mlangoni.

“Ingia, mwanangu,” Hindu alisema. “Usiogope. Waambie tu ukweli. Hii ya alama mbili, nani alikuletea?”

Ngowa akaufunga mlango nyuma yake.

“Ngowa?”

“Aliniletea meneja,” Ngowa akasema, macho sakafuni. “Ilikuwa imejazwa kila kitu. Imebaki sahihi.”

“Mwaona!” Hindu akageuka kwa Viola. “Mwaona! Na sahihi nani—”

“Mimi.”

Hindu hakusikia, au alisikia akakataa kusikia. “Umesema nini?”

“Mimi, dada. Niliitia mimi.”

Msomaji, Hindu ameteremka ngazi, amepanda ngazi, ameshinda na njaa, kumbe mkono ulioandika ulikuwa dirisha la pili, hatua chache kutoka mezani kwake. Akaichukua fomu ya uongo, akaiinua.

“Sahihi yangu umeijulia wapi?”

Ndipo Ngowa akainua uso, na Hindu akaona kitu ambacho hakuwahi kukiona usoni pale kwa miaka saba. Hasira.

“Naijua kuliko yangu mwenyewe. Imo kwenye mikataba yangu. Ishirini na minane, dada! Kila miezi mitatu unaniita, unatia sahihi, unaniambia, ‘Vumilia, Ngowa, Mungu atafungua.’ Hukuwahi kuandika hata barua moja kwenda juu kusema huyu kijana aajiriwe. Hata moja. Ujima walikuwa na chama na nakala tatu na pensheni, vyote vyenu. Mimi nilikuwa na miezi mitatu.”

“Ungeniambia.”

“Nilikuwa nakuangalia. Nilidhani waona.”

Hindu aliikumbuka ile mikataba. Alikuwa akiitia sahihi mwisho wa siku, pamoja na maombi ya likizo, bila kukaa chini.

“Akasema,” Ngowa akaendelea, akimwonyesha Kamande kwa kidevu, “nikitia hii, napata ajira ya kudumu Kilifi. Nikatia. Haki ya Mulungu, sijala vizuri tangu siku ile. Lakini nikatia.”

“Ngowa.” Kamande alikuwa amesimama. Alitia mkono ndani ya koti, akatoa bahasha nyeupe yenye nembo ya kijani. “Kabla hujamaliza kujichimbia. Barua yako imefika leo asubuhi. Ajira ya kudumu. Irudishe kauli yako, sema ulichanganyikiwa, na hii ni yako.”

“Mimi sijatoa barua yoyote ya ajira kwa tawi hili,” Viola alisema kwa ukali.

“Imetoka juu yako, madam.”

Ngowa alipokea bahasha kwa mikono miwili, kama mgeni anavyopokea chakula. Akaifungua. Akasoma. Midomo yake ikawa inatembea. Alipofika katikati ikasimama.

“Hii si Kilifi.”

“Ni bora kuliko Kilifi.”

“Imeandikwa msimamizi wa kaunta. Tawi la Malindi.” Akamgeukia Hindu. “Dada, hiki ni kiti chako.”

Huko chini mashine ya kuitia watu foleni ililia, ikataja nambari, hakuna aliyekwenda dirishani kwa maana karani alikuwa huku juu.

Ngowa akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Akaiweka barua mezani, mbali na yeye.

“Naomba karatasi tupu.”

“Ukiandika,” Kamande alisema, “hiyo barua ni takataka.”

“Najua.”

“Na mkataba wako unakwisha mwezi huu.”

“Unakwisha kila miezi mitatu, Bwana Kamande. Nimeshazoea.”

Akaandika. Akaandika ukurasa mzima na nusu ya wa pili, polepole, kwa mwandiko wa mtu aliyekuwa wa kwanza darasani. Siku, saa, chumba, maneno aliyoambiwa, kalamu aliyopewa. Mwisho akatia sahihi yake, ndogo, isiyo na madoido. Kamande hakungoja imalizike. Alitoka kabla, mlango akiufunga taratibu, simu iko sikioni tayari.

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi.

Viola alipiga picha kila ukurasa. Akaandika barua pepe, akafuta, akaandika tena. Vidole vyake vilikuwa vikikosea herufi. Hindu akamtazama, akafikiri: huyu naye ana mtu wa kumwogopa.

“Nimepeleka majina mawili,” Viola alisema.

“Na la tatu?”

“Nimeacha wazi. Nimeandika sababu, nikaambatisha fomu zote mbili na maelezo ya Ngowa. Nimewaambia pia kwamba kiwango cha watatu ndicho kilicholeta uovu huu, na kwamba mimi nilikikubali.” Akavuta pumzi. “Sijawahi kuwaandikia hivyo.”

Wakangoja. Ngowa upande huu wa meza, Hindu upande ule, hawatazamani.

Jibu lilikuja baada ya dakika nne.

Viola alilisoma kimya kwanza. Kisha akalisoma kwa sauti, neno kwa neno, kama anayehakikisha hakukosea lugha.

“‘Simamisha mahojiano ya Malindi. Kabidhi nyaraka zote kwa Bwana N. Kamande sasa hivi. Rudi Nairobi. Jina la tatu tunalo.’”

“Jina la nani?” Ngowa aliuliza.

“Hawakusema.”

“Zote?” Hindu akauliza. “Na maelezo yake? Na karatasi ya Joram? Apewe yeye aliyeagiza kughushi?”

“Ndivyo walivyoandika.”

“Na zile picha ulizopeleka?”

“Zimekwenda kwao hao hao.”

Huko nje, viatu vya watu wawili vilianza kupanda ngazi. Vya mmoja vya ngozi, vya mwenzake buti.

Viola alisimama. Akazikusanya karatasi: fomu ya kweli, fomu ya uongo, maelezo ya Ngowa. Akazisawazisha kingo, akazisukuma mpaka ukingoni mwa meza, upande wa Hindu.

“Mimi nimeamriwa kuzikabidhi,” alisema. “Sikuambiwa nizishike mpaka afike.” Akawapa mgongo, akatazama nje dirishani.

Hindu hakungoja kuelezwa mara ya pili. Akazichukua, akazitia kwenye mkoba, mkoba akauingiza chini ya buibui.

“Dada Hindu,” Ngowa akasema. “Nisamehe.”

“Si leo, Ngowa. Leo nifungulie mlango.”

Ngowa akafungua.

Kamande alikuwa kwenye kizingiti. Nyuma yake, ngazi moja chini, alisimama mzee Kiponda, askari wa mlangoni, rungu kiunoni, uso wa mtu aliyeitwa kufanya jambo asilolijua. Miaka kumi na sita amekuwa akimfungulia Hindu mlango wa benki kila asubuhi.

“Karatasi ziko wapi?” Kamande aliuliza.

“Shikamoo, mzee Kiponda,” Hindu alisema.

“Marahaba, binti yangu.”

“Nimekuuliza karatasi ziko wapi! Hizo ni mali ya benki.”

Hindu alisimama mbele yake. Hakupaza sauti. Huko chini makarani wote walikuwa wameinuka vitini, Joram yuko katikati ya ukumbi, na wateja kwenye foleni wamegeuza vichwa.

“Hata mimi ni mali ya benki, Bwana Kamande. Mlangoni kwa Bi Viola hapa pameandikwa Rasilimali Watu, sivyo? Basi mali zote mbili zinatoka pamoja. Zinakwenda kwa afisa wa kazi wa serikali, na afisi yake haijafungwa.”

“Kiponda!” Kamande akapaza sauti. “Mzuie!”

Hindu akampita Kamande ubavuni, akashuka ngazi ya kwanza.

Mzee Kiponda akanyoosha mkono wake mrefu, akaziba njia.